Nani Apewe Punda wa Swalehe

Aliyesimulia habari hii kwanza ni Zaina Mloli, mwaka 1998, mvua kubwa zilipokwisha na watu wakawa wanapukuchua mahindi yaliyonusurika. Aliisimulia kama alivyoisikia kwa dada yake Mwasiti. Waliokuja baadaye waliongeza chumvi. Chumvi yao haimo humu.

Katika kijiji kimoja upande wa Kondoa walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mwasiti alikuwa na pua: maziwa yakianza kuchacha nyumba ya jirani, yeye alijua kabla ya mwenyewe. Rajabu, mdogo wa mume wake, alikuwa na mkono: mnyama mkali akiguswa naye hutulia. Bi. Nasra, mjane wa kando ya msikiti, alikuwa na ulimi: akisimama barazani, hata aliyesinzia hukaa sawa.

Kijiji hicho kilikuwa na mila. Shogi, ule mfuko mkubwa wa pande mbili anaovishwa punda mgongoni, halifunuliwi na asiye mwenyewe. Kulifunua ni sawa na kuingia chumbani mwa mtu asipokuwapo. Mwenyewe hupakia, mwenyewe hushusha, wengine hutazama pembeni.

Swalehe alikuwa na punda jike aliyembebesha mahindi ya watu hadi kwenye mashine ya kusaga. Shogi hakumvua kutwa. Siku moja, kwenye foleni ya mashine, Mwasiti aliwatazama nzi waliomzunguka punda yule, akamgeukia Rajabu.

"Shemeji, mle ndani kuna kitu kinaoza."

"Mahindi yameloa."

"Mahindi yaliyoloa nayajua. Ile ni nyama."

"Pua yako hiyo, shemeji, itakufikisha mahakamani."

Foleni ilisikia. Wengi walikwisha kumshuku Swalehe kwa nyamapori, wakaanza kunong'ona kwamba shogi lifunuliwe. Lakini hakuna aliyesogea. Mila ilikuwapo, na punda alikuwa akimpiga teke kila aliyemkaribia.

Rajabu alingoja Swalehe aingie ndani na gunia. Akamwekea punda mkono shingoni, akamsemesha kwa sauti ya chini, akalegeza kamba. Shogi lilikataa kutoka, kwa kuwa lilikuwa limegandamana na mgongo. Alilibandua polepole. Nyamapori haikuwamo. Iliyooza ilikuwa nyama ya punda mwenyewe, kidonda kipana kama sahani, na katikati yake weupe wa mfupa. Punda alitetemeka, lakini teke hakupiga.

Swalehe akatoka. "Nani kakutuma kwenye shogi langu?"

Waliotaka lifunuliwe wakaanza kukagua mahindi yao.

Kesho yake Rajabu aliitwa barazani. Hakuitwa kwa ajili ya kidonda. Aliitwa kwa kuvunja mila. Alitakiwa kutoa mbuzi, na punda, aliyefungwa nje kidonda kimefunikwa gunia, arudishwe kazini. Hapo Bi. Nasra akasimama.

"Wazee wangu, shikamooni. Mila ya shogi iliwekwa kusitiri mali ya mtu. Sasa nauliza, kidonda nacho ni mali?"

"Kaa chini, mama," alisema Swalehe. "Mimi na wewe tuna ugomvi wa mpaka wa shamba, nani hajui?"

"Mpaka nitaudai siku yake. Leo naomba wazee mtoke nje, mfunue kwa mikono yenu. Mimi sitagusa, msije mkasema Nasra ana chuki."

Wakatoka. Waliporudi, hakuna aliyetaja mbuzi. Mwenyekiti akasema punda apewe aliyemwokoa, tena awe mtu mmoja, maana punda wa watatu kila mtu hudhani mwenzake kamnywesha. Mwasiti, Rajabu na Bi. Nasra wakishindwa kukubaliana kabla ya adhuhuri ya Ijumaa, atarudi kwa Swalehe, kwa kuwa baraza halina zizi.

Swalehe akatabasamu. "Nilijua tu. Punda wangu walimtaka tangu mwanzo."

Neno hilo lilimwingia Mwasiti kama mwiba, na usingizi ukamwisha. Punda wa Rajabu alikufa kiangazi kilichopita. Je, mkono ule ulikuwa ukipekua, au ukimpima mnyama? Na Bi. Nasra, alimwonea punda huruma, au alimwonea Swalehe hasira? Kisha akajigeukia mwenyewe. Yeye alibeba maji kutoka bondeni kwa kichwa chake kila asubuhi. Harufu ile aliisikia muda mrefu kabla ya kufungua mdomo, na alipoufungua alitaja nyama. Punda hakumtaja.

Ijumaa wakakutana uani kwa Bi. Nasra, punda akiwa amefungwa hapo, kidonda kimepakwa dawa.

"Bila mimi mngebaki na harufu," alisema Rajabu.

"Bila mimi ungetoa mbuzi," alijibu Bi. Nasra, "naye angevishwa shogi jioni ileile."

"Na bila mimi nani angelitazama hilo shogi?" alisema Mwasiti.

"Uliniambia nyama, shemeji."

"Nawe ulifunua ukitafuta mnofu."

Rajabu hakukana. Bi. Nasra akashusha pumzi. "Basi apewe asiyemtaka."

Wakatazamana. Hakuna aliyesema hamtaki, maana kila mmoja alijua wenzake wangemshuku kwamba amesema hivyo ili apewe. Nje ya ua Swalehe alikuwa amekwisha kufika, shogi begani, na muadhini alikuwa akisafisha koo.

Swalehe alifariki, na Rajabu, na Bi. Nasra. Zaina naye ametangulia. Mwasiti yu hai, anakaa kwa mwanawe, na pua yake bado ni ileile. Wakimuuliza punda alikwenda kwa nani, hajibu mpaka anayeuliza aamue kwanza. Basi nawe uliyesikiliza: muadhini hajatoa sauti, kamba iko mkononi mwako. Ungemkabidhi nani?