Siku ya Tatu ya Nungu na Siku ya Tatu ya Korongo

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia vizuri. Aliye na usingizi alale sasa hivi, maana mbele huko hapalaliki.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa ndio wapigaji hesabu na binadamu anakula tu, palikuwa na bonde lenye mto. Mto ule ulikuwa na tabia mbaya. Ulikaa kimya, kimya, kimya, kisha siku moja ukaja bila hodi. Uuuuuu! Ukawachukua waliolala, ukawachukua na walioamka.

Katika bonde hilo aliishi Bi Nungu na mwanawe mmoja tu, Kimwiba. Baba yake Kimwiba alichukuliwa na maji. Tangu siku ile Bi Nungu alitaka jambo moja duniani, kuijua siku ya mto kabla mto haujaja, ili mtoto aliyebaki abaki. Akachomoa mwiba mgongoni, akachora mchangani. Akapima tope, akapima kina. Akahesabu, chaka, chaka, chaka, maana nungu akihesabu hutikisa miiba. Majirani wakasema, "Mjane wa watu kachanganyikiwa." Yeye akaendelea kuchora.

Lakini mto huzaliwa milimani, na milima iko mbali. Kwa miguu mifupi ile, angefikaje?

Basi mwaka mmoja akatua Korongo. Kwao ni mbali, ng'ambo ya jangwa na bahari, nchi ambayo maji hugeuka mawe. Huko kwao naye alikuwa fundi wa hesabu. Alipoiona michoro akasimama kwa mguu mmoja, akaisoma yote, akigonga mdomo tak, tak, tak, maana korongo akihesabu hugonga mdomo.

"Hesabu hii ni ya nani?"

"Yangu," akasema Bi Nungu.

"Ina tundu."

"Nalijua. Tundu lenyewe ni mvua ya milimani. Sina mbawa mimi."

"Mimi ninazo," akasema Korongo. "Ila udongo wa huku siujui. Sijui unakunywa maji kiasi gani ndipo ushibe."

"Mimi naujua. Karibu, bwana. Kaa."

Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu Bi Nungu akampa Korongo jembe lake, yaani alimpa mwiba, akamwambia, "Chora." Korongo akamtazama kidogo, kama mwenye neno. Kisha akachora.

Wakafanya kazi. Wakabishana pia, msidhani. Fimbo ya kupimia ya Bi Nungu ilikuwa fupi, ya Korongo ndefu. Wakakata moja mpya. Wakabishania kibuyu cha kukingia mvua, wakachagua kimoja. Wakabishania hata jina la kanuni yao, nani atangulie. Wasomi hao, kwa jina watakesha. Mwisho ikaitwa Kanuni ya Nungu na Korongo, kwa kuwa Korongo alikuwa mgeni akaona haya. Yote waliyoyabishania, waliyamaliza. Lile wasilolibishania, hakuna aliyeliuliza.

Korongo akawa anakwenda kwao na kurudi, msimu kwa msimu. Kimwiba akamzoea, akamwita Mjomba.

"Mjomba, hayo mawe ya maji yanaliwa?"

"Yanalambwa."

"Siku moja utanipeleka nikayalambe."

"Nitakupeleka, ukimaliza kujifunza hesabu."

Ukafika msimu mmoja mbingu nzito. Korongo akaruka kwenda milimani na kibuyu chake. Asubuhi moja, umande haujakauka, Mbayuwayu akashuka kwa Bi Nungu, pumzi juu juu. "Korongo anakusalimu. Ameniagiza alfajiri hii hii. Anasema mvua ni kubwa, kanuni imejibu. Maji yatafika siku ya tatu." Akaruka zake.

Bi Nungu akatikisa miiba. "Leo moja," chaka. "Kesho mbili," chaka. "Kesho kutwa tatu," chaka. Akaenda kwa Ngiri, jumbe wa bonde, akamwambia watu wahamie kilimani, kesho kutwa mto unakuja.

"Bi Nungu," akasema Ngiri, "nikiwabeba wanangu bure, sitakusikiliza tena."

"Wabebe."

Wakawabeba. Kesho kutwa ikawakuta juu ya mawe, bonde zima, wazee na wachanga. Jua likapanda. Mto kimya. Jua likafika utosini. Mto kimya. Jua likatua, na chura alikuwa bado amekaa ukingoni anapunga zake upepo. Wakalala huko huko kwenye mawe, na njaa.

Kulipokucha Ngiri akamwendea Bi Nungu. Hakucheka. Bora angecheka.

"Mto wako uko wapi?"

Bi Nungu akaitazama michoro yake. Akaipitia, akaipitia tena. "Nimekosea," akasema.

"Sema wote wasikie."

"Nimekosea. Kanuni imekosea."

Wanyama wakaanza kuteremka, wanarudi makwao. Kimwiba akamvuta mama yake. "Mama, niende nao? Nina njaa. Nitachimba viazi, nikuletee na wewe."

Bi Nungu alikuwa ameinamisha uso, anaifuta hesabu yake kwa mguu. Aibu ilikuwa imemshika mwili mzima. Hakuinua kichwa.

"Nenda," akasema.

Jua lilipofika utosini, mto ukaja.

Uuuuuu!

Ukaja na magogo, ukaja na mawe, ukaja na nyumba za watu. Ngiri alitoka majini na mtoto mmoja mdomoni. Wengine hawakutoka. Kimwiba hakutoka. Bi Nungu alishuka hadi maji yakamfika shingoni, akaita, akaita, na sauti ya mto ilikuwa kubwa kuliko yake.

Alasiri Korongo akatua kilimani, mdomo ukigonga kwa furaha, tak, tak, tak.

"Bi Nungu, mto umefika! Siku ya tatu barabara, kama tulivyopiga!"

"Leo ni ya nne," akasema Bi Nungu.

"Ya tatu."

"Hesabu nikusikie."

Korongo akahesabu. "Siku ya salamu zangu, hiyo haimo. Iliyofuata, moja. Iliyofuata, mbili. Leo, tatu."

"Haimo kwa nini?"

"Kwetu yai likitagwa leo, leo haihesabiwi. Siku ya kwanza ni kesho yake."

"Kwetu mgeni akifika leo, leo ndiyo siku yake ya kwanza. Hukuona? Jembe nilikupa siku ya tatu."

Mdomo wa Korongo ulikuwa wazi na haukugonga.

"Niliona," akasema. "Kwa hesabu yangu ilikuwa ya pili. Nilidhani umeniwahisha. Nikaona si adabu mgeni kuuliza."

Bi Nungu akaketi chini. "Kwa hiyo kanuni haikukosea."

"Haikukosea."

"Laiti ingekosea," akasema Bi Nungu. Akalia. Korongo akatazama huku, akatazama huku.

"Kimwiba yuko wapi?" akauliza.

Bi Nungu akageuza uso mtoni. Korongo akayatazama maji, akaelewa. Akamfunika kwa bawa, wakakaa hivyo mpaka maji yalipoanza kupungua.

Watu watauliza, je, waliachana? Hawakuachana. Mto ulikuwa bado upo, na Ngiri alikuwa bado ana mtoto mmoja. Wakaichora kanuni upya. Ila tangu hapo, kabla ya salamu, kabla ya maji ya kunywa, Korongo akitua huuliza, "Leo ni ngapi?" Bi Nungu hujibu, "Leo ni moja." Naye hutikisa mara moja, chaka, na Korongo hugonga mara moja, tak, pamoja. Ndipo huanza.

Hata leo nungu akitembea utasikia miiba yake, chaka, chaka. Wawindaji husema anamtisha simba. Mimi nasema anaianza hesabu na leo, kisha anasimama kidogo, asikilize kama kuna mtoto anayehesabu pamoja naye.

Mafunzo yake ni haya, wakubwa na wadogo. Ukifanya kazi na mtu wa mbali, muulize hata lile unaloona halina haja ya kuulizwa. Adabu inayofunga mdomo huzika watoto.

Hadithi yangu imeishia hapo, mto ulipoishia. Mwenye mwana na amshike mkono, twende tukalale.