Wegesa Hakuitikia

"Akaaye mbele haoni jasho la nyuma."

Leo mmemsikia mama mmoja akimtupia mumewe maneno hayo pale mwaloni, mitumbwi ya samaki inapofika pwani, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza yametoka wapi. Haya, kaeni. Lakini nawaambia mapema kwamba chanzo chake hakichekeshi. Methali hii ilianzia hapa hapa kijijini, kwa mabinti watatu wa mzee Magesa.

Mkubwa aliitwa Nyangeta, wa kati Tabu, na kitinda mimba Wegesa. Mzee Magesa hakujaliwa mtoto wa kiume, na nyavu hazijivuti zenyewe, kwa hiyo wasichana wale walishika makafi tangu wadogo. Hata wanaume wa mwaloni walikuwa wakiwapisha njia.

Zamani hizo, kila baada ya mavuno, kulikuwa na mashindano ya mitumbwi ya wanawake. Mwaka mmoja mabinti wa Magesa walishindwa na wasichana wa ng'ambo, tena kwa urefu wa kafi tu. Wenzao hawakuwa na haya. Waliwatungia wimbo wa kejeli, ukaimbwa harusini, kisimani, mpaka watoto wadogo wakaukariri. Tabu na Wegesa waliusahau upesi, lakini Nyangeta ulimwingia moyoni ukakaa. Tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine duniani ila kushinda mwaka unaofuata.

Sasa sikilizeni namna walivyofanya mazoezi, maana hapo ndipo penye jambo lenyewe. Katika mtumbwi wa mashindano wote hutazama mbele. Wa mbele, naye alikuwa Nyangeta, ndiye mwenye mwendo, na wa nyuma kabisa, yaani Wegesa, hupiga kafi huku akiunyoosha mtumbwi. Kugeuza shingo ni mwiko, kwa sababu anayegeuka huuyumbisha mtumbwi na kupoteza mapigo. Basi aliye mbele atajuaje kama walio nyuma wako naye? Kwa wimbo. Nyangeta alikuwa akiita, "Maji ya nani?" na wadogo zake wakiitikia, "Yetu!" na makafi yakiingia majini kwa pamoja. Akisikia sauti zote mbili, alijua kazi inafanyika.

Zilipobaki siku chache kabla ya mashindano, Wegesa alimwomba dadake amwachie nafasi ya mbele walau siku moja.

"Mimi nina pumzi ndefu kuliko nyinyi, dada," alisema. "Nijaribu tu."

"Ubwabwa haujakutoka shingoni, unataka kuongoza watu?" Nyangeta akamjibu mbele za watu. Wegesa akaenda zake. Jioni ile hakula. Nyangeta akasema moyoni kwamba amenuna, na dawa ya aliyenuna ni kumwacha.

Kumbe Wegesa alikuwa ameshikwa na homa. Kifua kilimbana na ubavu ulimchoma kila alipovuta pumzi. Tabu alimsikia akikohoa usiku, akamwambia abaki nyumbani. Wegesa akakataa. Angesemaje anaumwa, siku moja baada ya kunyimwa nafasi? Dadake angesema ni visingizio.

Asubuhi waliingia ziwani kwa mazoezi. Kulikuwa na upepo na vijiwimbi vya kusumbua. Nyangeta akaita, "Maji ya nani?" Ikaja sauti ya Tabu peke yake. Akaita tena. Tabu peke yake.

Hasira zikampanda. Huyu mtoto bado amenuna, akawaza, ananikomoa mashindano yakiwa mlangoni. Badala ya kusimamisha mtumbwi akaongeza mwendo. Alitaka Wegesa achoke mpaka kiburi kimtoke. Aliita, akaongeza, akaita, akaongeza tena. Mtumbwi ukayumba kidogo, naye akadhani ni wimbi.

Kisha, jamani, mtumbwi ukawa mwepesi. Ukaanza kukimbia juu ya maji kama ambavyo haukuwahi kukimbia. Nyangeta akafurahi, akacheka kwa sauti.

"Umeona, Wegesa? Kumbe nguvu unazo. Ulikuwa unazificha!"

Mtumbwi ukaanza kukata kushoto.

"Nyoosha mtumbwi, wewe." Kimya. "Wegesa, nasema nyoosha."

Tabu ndiye aliyevunja mwiko, akageuka. Nafasi ya nyuma ilikuwa tupu.

Walirudi wakipiga makafi huku wanalia. Wavuvi waliokuwa wakitega nyavu karibu na matete walikuwa wameshamwona akielea, wakamwopoa, wakamlaza kifudifudi mpaka maji yakamtoka. Alipelekwa zahanati, akafumbua macho. Lakini kichomi na maji ya ziwa vilikuwa vimeshaungana kifuani, na mganga hakuwaficha wazazi.

Nyangeta hakutoka kando ya kitanda kile. Siku ambayo Wegesa alipata nguvu ya kusema, alimshika mkono.

"Mdogo wangu, kwa nini hukuniambia? Kwa nini hukuitikia hata mara moja?"

"Nilikuwa naitikia, dada," Wegesa akasema polepole. "Kila ulipoita niliitikia. Sauti ndiyo haikutoka."

Hakufika siku ya mashindano. Wasichana wa ng'ambo walikuja msibani, wakaketi na waombolezaji, na wimbo wao ule hawakuuimba tena.

Siku hizi watu hutumia methali hii kuwasuta wakubwa wao kazini na waume zao majumbani. Si vibaya, inawafaa. Lakini aliyeisema kwanza hakuwa akimsuta mtu mwingine. Ilikuwa siku ya kuanua matanga, ndugu wamekaa uani, na mzee Magesa akamwinulia macho binti yake mkubwa.

"Mwanangu, siulizi kwa ugomvi," alisema. "Nataka kuelewa tu. Mlikuwa mtumbwi mmoja. Mtoto wangu alikuwa anakufa nyuma yako, nawe ukaongeza mwendo. Ilikuwaje?"

Nyangeta hakumtaja Tabu, wala upepo, wala homa iliyofichwa. Aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti yake.

"Baba," alisema, "nilikaa mbele. Akaaye mbele haoni jasho la nyuma."