Senzighe na Mti wa Ndiva

"Mgawa maji ya kiangazi haoni mawingu." Mmeisikia leo mkutanoni, mkaona wakubwa wanainamisha vichwa, na sasa mnauliza imetoka wapi. Basi tulieni. Methali hii ilianza hivi.

Huko milima ya Upare, kijiji kimoja kilikuwa na ndiva, yaani bwawa la udongo la kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Tundu lake lilizibuliwa kwa mti mmoja mrefu, na mti huo ulikuwa wa kuhama. Ukoo ukimaliza zamu yake, uliupeleka kwa ukoo unaofuata. Haukuwa na mwenyewe.

Ukaja mwaka wa kiangazi kibaya. Watu wakaibiana maji, majembe yakageuka silaha, kijana mmoja akapasuliwa kichwa. Wazee wakaishiwa maneno. Ndipo Namkunda, mjane aliyesikilizwa kwa busara zake, akasimama barazani akasema mti ukae kwa mtu mmoja mpaka kiangazi kiishe. Akamtaja kaka yake, Senzighe.

Wakakubali wote. Na tuseme kweli, Senzighe aligawa kwa haki. Mahindi yakapona, ugomvi ukakoma, akina mama wakamwimbia. Ila walisahau jambo moja: nani atatangaza kwamba kiangazi kimekwisha? Wakamwachia yeye huyohuyo.

Vuli ikanyesha. Senzighe akasema ni manyunyu tu, yasiwadanganye. Akaweka walinzi wenye mapanga bwawani. Aliyeulizia zamu yake aliambiwa anataka kurudisha vita, akanyimwa maji. Wengine wakanyamaza, wakisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Masika ikaja kwa kishindo, ndiva ikajaa pomoni, ukuta ukaanza kuvuja matope.

Namkunda alikuwa na binti mmoja tu, Nakiete, aliyejenga bondeni chini ya bwawa. Akaenda kwa kaka yake, amelowa chapachapa.

"Kaka, zibua ndiva. Ukuta unavuja, na mpwa wako yuko chini yake."

"Nikimwaga maji leo, kesho jua likiwaka mtamlaumu nani?"

"Jua gani, kaka? Hebu nitazame nilivyolowa!"

Senzighe hakumtazama. "Nikizibua, watasema kiangazi kimekwisha. Kila ukoo utadai zamu yake, na damu itamwagika tena. Nenda nyumbani, dada."

Namkunda akakimbilia bondeni kumtoa mwanawe. Alikuwa bado njiani aliposikia mngurumo. Ndiva ilipasuka, ikaibeba nyumba na Nakiete ndani yake. Walimpata amekwama kwenye migomba. Mama yake alimfuta tope usoni kwa kanga, akimwita polepole kama mtu anayemwamsha mtoto.

Walizika mvua ikinyesha. Senzighe alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli, maana alimpenda mpwa wake. Kisha akajipangusa, akawageukia waombolezaji, mti ungali mkononi.

"Ndugu zangu, ndiva imebomoka. Shida hii imeizidi ile ya kwanza. Naomba mti ukae kwangu kwanza, mpaka tutulie."

Namkunda alimtazama kaka yake, moyo ukimuuma kwa ajili ya mwanawe, ukimuuma tena kwa neno alilolisema kwa kinywa chake barazani.

"Jamani, mimi ndiye niliyewaambia tumpe," akasema. "Mgawa maji ya kiangazi haoni mawingu."