Kifaru na Kiti cha Mwanachuo

Hapo zamani za kale, na wewe unayesinzia sogea mbele nikuone, Kifaru aliishi na mkewe na binti yao wa pekee, Mwatumu. Binti huyo alikuwa na akili, akili kwelikweli. Simba wenye Chuo cha Kileleni wakamwita akasome chuoni kwao, ambako hajapata kukanyaga kifaru hata mmoja.

Mwatumu akasema hataki. "Mimi naenda Bondeni, nikasomee ukunga."

Loo, baba mtu akapiga ukuta kwa pembe, puu! Alikwisha kualika pori zima sherehe ya Ijumaa ya kumuaga binti aende Kileleni, na wanawake wameshashona sare. Tangu siku hiyo hasemi na binti yake. Kutwa ti, ti, ti, anaizunguka nyumba.

Mama Kifaru naye hakutulia. Akiinjika chungu, anasahau kutia maji. Hakuogopa aibu ya wageni. Aliogopa chuki iliyoanza kuota kati ya hawa wawili, na wote ni wake.

Akamwendea Bi Nguchiro, somo wa Mwatumu, aliyemfunda mambo ya kike. Kimo chake hakifiki hata goti la kifaru.

"Somo, nyumba yangu inawaka moto. Nifanyeje?"

"Wewe pika. Sherehe iko palepale."

"Nipike, na mtoto hataki?"

"Pika, nimekwambia. Anayeitaka Kileleni nitamtoa mimi, amefunikwa leso. Wewe utamfunua."

Ijumaa ikafika. Wageni tele, ngoma ndi ndi ndi. Mama Kifaru akamwona Nguchiro anamnong'oneza mumewe, kisha wakaingia chumbani. Punde Nguchiro akatoka anamwongoza mtu aliyefunikwa gubigubi, akamketisha kwenye kiti cha mwanachuo, kile cha heshima alichowekewa Mwatumu. Kiti kikalia kwaa.

Mama akajiuliza. Ina maana mtoto amekubali? Mbona basi furaha haiji?

Nguchiro akapaza sauti. "Nani amekosa usingizi kwa ajili ya Kileleni?"

"Mimi," ikajibu leso.

"Nani amekiota chuo kile tangu udogoni?"

"Mimi!"

Sauti nzito hiyo. Wageni wakatazamana. Mama Kifaru akaivuta leso hadi mabegani, na pale kitini yuko mumewe, jasho linamtiririka.

Watu wakacheka, kwa kwa kwa, mpaka ngoma ikanyamaza.

"Huyu kanidanganya," Kifaru akalalamika. "Kaniambia mtoto amekubali, ila nimkalie kiti kwanza, kijicho cha watu kiniishie mimi mwenye ngozi nene."

"Kukaa nimekudanganya, baba," akasema Nguchiro. "Na kujibu je?"

Mwatumu alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamlenga.

Mama Kifaru akasema mbele za watu, "Mume wangu, mwenye hamu ya Kileleni ni wewe. Mwache mtoto aende anakotaka, kabla hatujampoteza."

Kifaru akamtazama binti yake kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Huko Bondeni," akauliza taratibu, "kuna baridi?"

"Kidogo, baba."

Akaivua ile leso mabegani mwake, akaenda kumfunika nayo.

Nami nimefika mwisho, mkawaambie wazazi wenu: ndoto yako iote mwenyewe, mwanao naye ana usingizi wake.