Aliyecheka Naye Kapiga

Aliyecheka naye kapiga. Ndiyo, nimekusema wewe, Ponsiano, usinitolee macho. Unaniambia picha ya mwenzenu wa chuoni hukuichezea wewe, wewe umecheka tu, halafu ukaipeleka mbele? Ati umecheka tu! Hebu weka hiyo simu chini. Nawe Editha, sogea. Mnaniuliza msemo huu nimeutoa wapi. Sikuuokota barabarani. Ulitoka kinywani mwa Leokadia, mtoto wa dada yangu, nami nilikuwepo. Ulianza hivi.

Leokadia alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Mbinga. Mchana anafundisha, jioni ananyonyesha, na hapohapo anasomea shahada kwa masafa, kupitia simu. Wenzake wa darasa hakuwahi kuwaona hata mmoja. Walijuana kwa sauti na kwa majina ya kwenye kundi la WhatsApp. Na Leokadia, mjue, ana kigugumizi tangu utotoni. Shuleni kwake watoto walishamzoea. Wanasubiri neno litoke, somo linaendelea.

Siku moja, kwenye kipindi cha mtandaoni, mhadhiri akamwuliza swali. Akajibu, na jibu lilikuwa sahihi, ila neno "mtaala" likamkwama. Kijana mmoja, Festo, akairekodi ile sauti, akaikatakata, akaitia ngoma ya singeli, akairusha kwenye kundi. Wakacheka! Wengine wakaifanya mlio wa simu. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Jamani, hapana." Tangu hapo Leokadia hakufungua tena kinywa kwenye kipindi, na alama za kuchangia zikampita. Likabaki wasilisho la mwisho la utafiti wake, ana kwa ana, mbele ya darasa zima, kwenye kituo cha chuo mjini Songea. Asipozungumza pale, shahada hana.

Akafikia kwangu. Asubuhi nikamsindikiza, mtoto nimembeba mimi. Nje ya ukumbi kulikuwa na benchi refu, na wanafunzi ndiyo kwanza wanaonana, wanaulizana, "Wewe kwenye kundi ndiye nani?"

"Mimi Binti Ruvuma."

"Kumbe ndiye wewe! Mbona mfupi hivyo!"

Leokadia akatabasamu tu, jina lake hakulitaja. Kijana aliyekaa ubavuni mwake akamwambia, "Dada, samahani, simu yangu imezima. Una pawabenki?" Akaitoa kwenye mkoba, akampa, waya na kila kitu. Kijana akashukuru vizuri, nami nikajisemea, huyu kalelewa.

Kalelewa! Simu ilipowaka, mnajua alifanya nini? Aliisogeza karibu na sikio la Leokadia. "Dada, umeshaisikia hii? Nimeitengeneza mwenyewe." Benchi zima likaangua kicheko. Na chaji ni ya nani? Ya Leokadia!

Mlango ukafunguliwa. Mhadhiri akaita, "Leokadia Ndunguru!"

Akasimama. Kicheko kikafa palepale. Festo akabaki ameduwaa na simu mkononi, waya unaning'inia.

Wakaingia wote, mimi nikabaki mlangoni na mtoto. Leokadia akasimama mbele yao, akafungua kinywa. Neno halikutoka. Akajaribu tena. Wale waliokuwa wanacheka sasa wanatazama viatu vyao. Mhadhiri akasema kwa upole, "Pumzika kidogo, mwalimu, tutakusubiri." Leokadia akatikisa kichwa, akatoka, akampokea mwanawe.

Wakamfuata nje, wanafiki wakubwa wale! Yule Binti Ruvuma analia, "Dada, tusamehe. Festo ndiye aliyetengeneza. Sisi tulicheka tu."

Leokadia akageuka. Alikwama, akaanza upya, akakwama tena, na safari hii walisubiri.

"Festo peke yake ningemmudu," alisema. "Angerusha, mkanyamaza, ingeishia siku ileile. Nyinyi ndio mliompa nguvu. Aliyecheka naye kapiga."

Akamfunga mtoto mgongoni, tukaenda zetu. Pawabenki aliiacha. Mwaka uliofuata nilimsihi arudi, nikampigia na magoti. Hakurudi. Shahada hana. Festo anayo. Wale wa benchini wanazo wote, wamezitundika sebuleni, na maneno yake wakayachukua, siku hizi wanawahubiria watoto wao kama vile wameyatunga wao. Nasikia watu wanasema ni methali ya wahenga. Wahenga gani? Mimi sijawasamehe, na padri anajua.

Haya, Ponsiano, chukua simu yako. Siyo kuandika ujumbe, nimesema mpigie huyo mwenzako, aisikie sauti yako.

"Bibi, sasa nimwambie nini? Mimi nili…"

Malizia! Malizia hiyo sentensi nikusikie.

Eeh. Imekukwama, siyo? Tutasubiri. Aliyecheka naye kapiga.