Pembe Nyeupe ya Mkeka

Sogezeni matita yenu huku kivulini. Na wewe Mwanashuri, mjukuu wangu, acha kuchekacheka, lowesha ukindu wako kabla haujakauka kama moyo wa mkwe. Jana uliniuliza kwa nini kila mkeka wa hapa kwetu una pembe moja nyeupe isiyotiwa rangi, nikakwambia subiri. Basi leo nina nafasi. Sikilizeni, lakini mikono isisimame.

Zilikuwapo zama ambapo mikeka yetu ilikuwa na rangi pembe zote nne, na ilikuwa michache mno. Watu wa wakati ule walikuwa na mwiko wao. Mtu hakuanza kusuka ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa ukawa mkeka, mpaka kila kitu kiwe tayari: ukindu wote uwe umekatwa, umeanikwa, umechanwa, umetiwa rangi na kufungwa matita. Ukianza na upungufu, walisema, mkeka huo utaleta kisirani nyumbani. Basi dari zikajaa ukindu, na watu wakalala kwenye ngozi za mbuzi. Wenyewe waliona sawa tu.

Katika zama hizo aliishi Mwatumu, binti wa pekee wa Bi Sanura. Aliposwa na mtu wa ng'ambo ya mto, mwendo wa siku tatu kutoka kwao. Bibi harusi kuondoka bila mkeka ilikuwa aibu kubwa, na Bi Sanura alikuwa na mkeka mmoja tu, ule aliokuwa akiulalia. Aliukung'uta, akaukunja, akamtwika binti yake. Mwatumu alilia akakataa, lakini mama akamshika mabega.

"Chukua, mwanangu. Utanisukia mwingine, uniletee kwa mkono wako. Mimi nitajilaza kwenye ngozi mpaka uje."

Mwatumu aliapa kuwa mwaka hautaisha. Na hakuwa mwongo, msije mkamsema vibaya. Alifika kwa mumewe, na wiki ile ile akaenda kukata ukindu. Akauanika, akauchana vizuri. Akaona magome ya rangi nyekundu hayatoshi, akasema atangoja mvua magome yalainike mitini, abandue mengine. Mvua ilikuja pamoja na palizi. Baada ya palizi akapata mimba, na mimba ile ilimlaza chini. Mtoto alipoanza kutambaa, Mwatumu akauona mkeka wa jirani una mapambo ya mraba kwa mraba, akasema wa mama lazima uwe mzuri kuliko ule, ngoja kwanza nijifunze. Alipokuwa akijifunza, panya wakatafuna matita mawili darini. Akaanza kukata upya.

Mtauliza, si angekwenda tu kumwona mama yake? Ndiyo hapo sasa. Angekwendaje mikono mitupu kwa mtu aliyempa mkeka wake wa kulalia? Kila alivyozidi kuchelewa ndivyo alivyozidi kuona haya, na kila alivyozidi kuona haya ndivyo alivyoutaka mkeka uwe mzuri zaidi, ili uzuri wake umwombee radhi. Jioni alishuka mtoni kuteka maji akasimama kuangalia upande wa kwao ng'ambo ya pili, mpaka watoto wakamfuata. Akilowesha ukindu, ile harufu ilimrudisha mgongoni kwa mama yake, pale alipokuwa akilala utotoni. Akashikwa na hamu kubwa ya kumwona mama yake. Kisha akaurudisha ukindu darini.

Kulikuwa na mama mmoja muuza vyungu aliyevuka mto kila kiangazi. Huyo ndiye aliyepeleka na kuleta salamu. Kila mara Bi Sanura aliuliza jambo moja tu, mkeka umefika wapi, na kila mara Mwatumu alijibu, mwambie karibu. Karibu hiyo ilikwenda miaka kumi na mmoja.

Mwaka huo wa kumi na mmoja muuza vyungu hakuleta swali. Alileta kitu kidogo kilichofungwa kwenye jani la mgomba. Mwatumu alipofungua alikuta ukili wa shubiri moja, mweupe, haukutiwa rangi yoyote. Ulikuwa umelegea upande mmoja na kukazwa mno upande wa pili, kazi ya vidole vya mtu asiyeona tena. Muuza vyungu akasema, "Mama yako amenituma hivi: nimekuanzia, endelea hapo hapo."

Mwatumu alikaa kizingitini akalia kilio kikubwa. Alipotulia akaugeuzageuza ule ukili. Mkeka ulikuwa umeshaanzwa, tena kwa upungufu, na aliyeuanza alikuwa mama yake. Mwiko ulikuwa umeshavunjwa, na hapakuwa na la kungojea tena. Akachomoa ukindu wa karibu, rangi yoyote iliyokuja mkononi, akaunga palipoishia vidole vya mama, akasuka shubiri moja.

Kesho yake alitaka kusuka, lakini aliwasha moto kwanza. Baada ya moto ukaja uji, baada ya uji shamba, baada ya shamba kuni, na jua likazama hajagusa kitu. Siku ya tatu akajiwekea sharti: meko hayawashwi kabla ya shubiri moja. Mumewe, Makame, alinuna. Aliuliza siku hizi watu wanakunywa uji au wanatafuna ukili. Watoto nao walikaa mbele yake na njaa zao, wanakodolea vidole vyake macho, na nawaambieni hakuna kitu kinachoharakisha vidole kama macho ya mtoto mwenye njaa. Siku nyingine alisuka kwa hamu. Siku nyingine hamu haikuja kabisa, alikuwa na homa, au wamegombana na Makame, na shubiri ikasukwa hivyo hivyo. Baada ya miezi mitano ukili ulifika pima kumi na sita. Akaushona mkeka, akautia kichwani, akavuka mto.

Bi Sanura alimjua kwa hatua zake kabla hajabisha hodi. Hakumuuliza habari za miaka. Alitandikiwa mkeka, akapapasa mpaka akaipata pembe, na pale pembeni akaikuta shubiri yake mwenyewe. Akaendelea kuufuata ukili kwa kidole, polepole. Hapa ulikuwa mgonjwa, alisema. Hapa ulikuwa umekasirika, ona ulivyovuta. Kisha wakacheka wote wawili, wakakumbatiana.

Bi Sanura alilala juu ya mkeka ule siku tisa. Siku ya kumi hakuamka, na kwa mkeka huo huo wakamfunika wakampeleka. Watu walipokwisha kutawanyika Mwatumu alibaki ameketi kwenye udongo mbichi. Walimsikia akisema peke yake, "Miezi mitano, mama. Ulikuwa mkeka wa miezi mitano."

Na tangu siku hiyo hatuna mwiko wa kungojea kila kitu kikamilike. Mwanamke wa hapa kwetu haanzi kuwasha meko kabla hajasuka shubiri yake, na ndiyo maana wageni hutuona wavivu wa kupika. Kila mkeka huanzwa kwa ukili wa shubiri moja, mweupe, na binti akiolewa mbali, mzazi ndiye humwanzia, aunganishe mwenyewe. Pembe ile nyeupe ndiyo hiyo. Huwekwa upande wa kichwani.

Haya, Mwanashuri, nipe mkono. Mwezi ujao unaolewa huko mbali, na mama yako hayupo, mimi ndiye niliyekulea. Hiki kipande cha ukili nilichokuwa nikisuka tangu tumeanza maneno ni chako. Kimelegea kidogo hapa, macho yangu nayo si yale. Usikitie rangi, wala usikiweke darini.