Waliomwosha Mize

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo ni sauti ya watu walioshiba, au ya watu wenye homa? Naanza upya. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Anayetafuna ameze, na mwenye mtoto mikononi amtulize. Hii si hadithi ya sungura wala ya zimwi. Hii ni ya watu, na watu ndio wabaya zaidi.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata mimi sikuwepo, palikuwa na kijiji. Jina lake sitaji. Nikilitaja mtasema hadithi ni ya wale wa kule, nanyi mtalala vizuri.

Katika kijiji hicho aliishi bibi mmoja, Bi Somoe. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake. Akifa bibi kizee, anaitwa Bi Somoe. Akifa bibi harusi, anaitwa Bi Somoe. Akifa kichanga wa kike, anaitwa Bi Somoe. Hakuwa msemaji. Lakini alikuwa na sharti moja, na sharti lake lilijulikana na wote: unachokiona juu ya kitanda cha kuoshea, unakiacha pale pale. Kovu, kilema, mimba iliyofichwa, hayo yote unayaacha. Maji yamepita, na wewe umepita. Ndiyo maana wanawake walimwamini. Kufa kwenyewe kazi, halafu usemwe?

Uzee ukamshika mikono. Ikaanza kutetemeka, tete, tete, tete. Kata ya maji ikawa inamwagika kabla haijafika. Basi akachukua wanafunzi wawili.

Wa kwanza aliitwa Mwanakheri, binti wa Maalim Vuai. Maalim Vuai ndiye aliyesomesha chuo cha Kurani pale kijijini. Mkewe alimfia mapema, akamwachia watoto wawili, Mwanakheri na kaka yake Khatibu. Akawalea kwa Kitabu na kwa fimbo. Umekosea herufi, chwap. Umechelewa kuswali, chwap. Umecheka adhana inaposomwa, chwap, chwap. Watu walikuwa wakipita njiani wanasikia, wanatikisa kichwa kwa kuridhika, wanasema, "Hayo ndiyo malezi." Na kweli watoto walinyooka. Hawatukani, hawaibi, hawasemi uongo, hawainui macho. Ukiuliza watu wema wako wapi, unaonyeshwa nyumba ile.

Wa pili aliitwa Sikudhani, binti wa mgema. Yeye hakuchapwa hata kwa ukuti. Alilala alipotaka, aliamka alipotaka, aliswali alipokumbuka. Hakuna ngoma iliyopigwa bila yeye. Alichokuwa nacho moyoni kilikuwa mdomoni saa hiyo hiyo. Watu walisema, "Huyu hakulelewa. Huyu ameota tu."

Wawili hao, Bi Somoe akawafundisha kazi moja.

Asubuhi moja akaja mjumbe mbio. Mize amefariki.

Mize alikuwa mke wa Khatibu, kwa hiyo ni wifi yake Mwanakheri. Ilisemwa ameteleza kisimani. Amelala siku mbili, ya tatu amekwenda. Ameacha mtoto mmoja wa kike, Chiku, wa miaka minne.

Wakaingia watatu chumbani, wakafunga mlango. Bi Somoe akakaa kwenye kigoda. Sikudhani akateka maji. Mwanakheri akaosha. Maji ya majani ya mkunazi, chwaa. Mkono wa kulia, chwaa. Mkono wa kushoto, chwaa. Wakamgeuza ubavu.

Mgongoni palikuwa na mistari.

Mwanakheri akaosha. Kanuni aliijua kuliko mtu yeyote kijijini: mara tatu, na kama hajatakasika, mara tano, na kama bado, mara saba. Akaosha mara tatu. Mistari ipo. Akaosha mara tano. Mistari ipo. Akaendelea, macho yake kwenye kata, mdomo wake unahesabu.

"Shoga," akasema Sikudhani, "hiyo haitoki. Hiyo ni fimbo."

"Mwaga maji."

"Nimwage nini? Mtu ameuawa hapa, wewe unahesabu. Nikitoka nje nasema. Nasema mbele ya watu wote, hata mbele ya baba yako."

"Tumeambiwa tusiseme."

Bi Somoe akauliza taratibu, "Mwanakheri, nani kampiga huyu?"

"Bibi, wewe ndiye uliyetuambia. Tunachokiona tunakiacha hapa."

Bi Somoe akaitazama mistari. Miaka arobaini alikuwa na sharti lake, na siku hiyo ndiyo kwanza analisikia likisemwa na mtu mwingine. Halikumpendeza.

"Tumzike kwanza," akasema. "Hawezi kukaa na joto hili akitungoja sisi."

Wakamvika sanda. Wakamzika.

Siku ya tatu, siku ya kuondoa matanga, watu wakakusanyika barazani kwa Maalim Vuai. Chakula kikaliwa, dua ikasomwa. Ndipo akasimama mama yake Mize, Bi Kae. Huyu alikuwa mfinyanzi, mikono yake na udongo hata siku ya msiba. Akasema, "Nimekuja kumwomba mjukuu wangu. Mwanangu nimempoteza. Nipeni Chiku nimlee."

Maalim Vuai akajibu kwa upole. Hakuwa mtu mbaya, msije mkanielewa vibaya. Alikuwa mtu mwenye uhakika, na huyo ndiye wa kuogopa.

"Pole, Bi Kae. Msiba ni wetu sote. Lakini mtoto ni wa baba yake. Na tuambizane kweli, kwako wewe atajifunza nini?"

"Atajifunza kufinyanga."

"Na swala?"

"Nitajitahidi."

"Utajitahidi." Maalim akawageukia watu. "Watoto wangu mnawajua. Khatibu, nani amewahi kumsikia akitukana? Mwanakheri, nani amewahi kumsikia akisema uongo?"

"Hakuna," watu wakasema.

"Mti mbichi ndio nilioukunja mimi, na matunda yake hayo mnayaona. Chiku atakaa hapa, baba yake atamlea kama nilivyomlea yeye."

Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akasema, "Maalim amemaliza." Bi Kae akainamisha kichwa, maana ni kweli swala zake zilikuwa za kukumbuka na kusahau.

Basi Bi Somoe akainuka. Tete, tete, tete, kwa fimbo yake ya kutembelea, mpaka katikati.

"Sikuitwa kutoa shauri," akasema. "Nimejiita. Lile sharti langu mnalijua. Nililiweka mimi, halikushuka na mvua. Nililiweka ili kumsitiri aliyekufa. Aliye hai nikamsahau, na kosa ni langu. Leo nalifungua. Waliomwosha Mize wako hapa. Siwaulizi nyinyi wazee, nawauliza wao. Sikudhani, wewe ulitaka kusema. Sema."

Sikudhani akasimama. Akamtazama Maalim. Sasa, nyumba ya Sikudhani ilikuwa imejengwa juu ya ardhi ya Maalim. Mihogo yake imepandwa juu ya ardhi ya Maalim. Akaangalia chini.

"Mimi, Bibi, nilikuwa nateka maji tu. Sikuangalia sana."

Akakaa.

Mnaguna? Guneni. Kila mtu ni shujaa chumbani mlango ukiwa umefungwa.

"Mwanakheri," akasema Bi Somoe. "Wewe je?"

Mwanakheri akasimama.

"Kaa chini, mwanangu," akasema Maalim Vuai. "Mambo ya maiti hayasemwi barazani."

Tangu azaliwe, Mwanakheri akiambiwa kaa, hukaa. Magoti yakaanza kukunjika yenyewe. Nasema yenyewe, hakuyaamuru. Yalikuwa yamekunjika nusu alipomwona Chiku. Mtoto alikuwa amekaa pembeni ya baba yake. Khatibu akainua mkono kufukuza nzi. Chiku akaficha kichwa chake ndani ya mikono yake miwili, haraka, kimya, bila kulia, kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea.

Mwanakheri akanyoosha magoti.

"Baba," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo hata walio nyuma wakasogea. "Ulinifundisha mtu akiulizwa ushahidi autoe. Mize hakuuawa na kisima. Ana mistari mgongoni. Naijua mistari ile. Ninayo."

 Watu wakamgeukia Khatibu.

Maalim Vuai akageuka. "Khatibu. Anasema kweli?"

Na Khatibu, nasema haki yake pia, hakusema uongo. Hakujua kuusema.

"Kweli, Baba."

"Ulisema aliteleza kisimani."

"Nilisema alikwenda kisimani, na alikwenda. Alirudi akiwa amechelewa swala ya alfajiri. Kuteleza walisema watu. Mimi sikuulizwa."

"Ukafanya nini?"

"Ilikuwa mara yake ya tatu kuchelewa. Nikamfundisha."

"Ukamfundisha."

"Kama ulivyotufundisha. Sikutaka afe, Baba. Lakini sikujua pa kuachia. Hukuwahi kutuonyesha pa kuachia."

Maalim akatafuta pa kushika. Akashika nguzo ya baraza. 

Wazee wakashauriana. Haikuchukua muda, maana aibu nayo huharakisha watu. Khatibu akapelekwa mjini kwa kadhi, na kilichompata huko walikijua wa huko. Chiku akapewa Bi Kae. Bi Kae hakushukuru mtu. Akambeba mgongoni akaondoka.

Sasa msidhani mtoto alifika kwa bibi akacheka. Siku ya kwanza alivunja chungu. Kikaanguka, paa. Akakimbilia uvunguni, akakaa huko. Bi Kae akamwita, hatoki. Akamwekea uji, hatoki. Mwisho yule mama, na kiuno chake kibovu, akalala chini sakafuni, akawa anaongea naye habari za vyungu vyote alivyovunja yeye mwenyewe tangu utotoni. Vilikuwa vingi. Mpaka alasiri ndipo mtoto akatoa mkono. Mwanakheri naye alikuwa akienda kumwona kila siku, na kila siku Chiku akimwona anajificha nyuma ya tanuri. Shangazi mtu alikuwa na harufu ya nyumba ya Maalim. Mwanakheri akawa anakaa mbali, anakanda udongo, anarudi zake. Mwezi mzima hivyo. Na mwezi wa pili.

Huko kwa Bi Kae ndiko Maalim Vuai alikomkuta Mwanakheri siku moja asubuhi, akiwa na Bi Somoe aliyekuja kumwona mtoto. Maalim alikuwa amekonda. Akasalimu, akakaa juu ya gogo.

"Bi Somoe," akasema, "silali. Nimepima, nimepima tena. Nililea wawili. Mmoja ameharibika. Lakini mwingine alisimama mbele ya watu akasema kweli dhidi ya damu yake. Fimbo ni ile ile. Basi malezi yangu hayakupotea yote. Na yule binti wa mgema, ambaye hakuguswa, mbona alikaa chini?"

"Alikaa chini, ndiyo," akasema Bi Somoe. "Baba yake hakumchapa, na hakumwambia kitu. Aliacha fimbo, na kila kingine akakiacha. Usinipe huyo kuwa jibu. Mgema na wewe mlikwepa kazi moja, kila mtu kwa njia yake."

"Kazi gani?"

"Kukaa na mtoto mpaka aelewe."

Maalim akatikisa kichwa. "Lakini Mwanakheri alielewa. Kwa mkono wangu."

"Yupo hapo. Muulize."

Maalim akamgeukia binti yake. Na kwa mara ya kwanza maishani Mwanakheri alijibu akimtazama baba yake usoni.

"Baba, uliniambia kwa mdomo kwamba kweli isemwe. Hayo ndiyo niliyoyasema barazani. Ya fimbo nayo yapo. Mistari ile niliiona asubuhi ya kwanza. Nikaiosha mara saba, nikanyamaza. Siku tatu Chiku alilala chumba kimoja na Khatibu, na mimi najua. Hizo siku tatu za kunyamaza ndizo za fimbo."

Maalim Vuai akaitazama mikono yake. Akakaa pale juu ya gogo. Jua likapanda, akakaa. Bi Kae akamletea maji ya kunywa, akayashika tu.

Haya. Mlikuja kutaka funzo, chukueni. Mwanadamu ukimwonyesha lililo jema akalielewa, atalifanya hata akiwa peke yake. Ukimtisha, atakuwa mwema mahali fimbo inapofika, na siku atakapopata fimbo yake mwenyewe, mtamjua. Na msiende nyumbani mkasema bibi amesema dini mbaya. Sikusema. Aliyesema kweli siku ile aliitoa kwenye dini. Nimesema habari za mkono.

Hadithi yangu nimeitua hapa, sina nyingine ya leo. Anayetaka kubisha abishe na watoto wake kwanza.